Sentensi Isiyokuwa Yangu

Tangazo la warsha ile nililitoa nakala mimi mwenyewe. Nina kiduka cha kuchapa na kupiga fotokopi nyuma ya soko la Malindi, kompyuta mbili na mashine moja inayopenda kumeza karatasi, na riziki yangu ni maneno ya watu wengine: barua za kuomba kazi, malalamiko kwa mwenye nyumba, mialiko ya harusi, matangazo ya tanzia. Asubuhi moja mtu nisiyemjua aliniletea karatasi akitaka nakala hamsini. Ilisema kutakuwa na mafunzo ya utunzi wa filamu Kilifi, upande wa Mnarani, Jumamosi nne mfululizo, bure, kwa yeyote mwenye hadithi. Siku ya mwisho wangekuja watayarishaji wawili wa filamu kutoka Nairobi, na kila mshiriki angewaeleza filamu yake kwa sentensi moja tu. Sentensi itakayowagusa ingetafutiwa njia ya kufika kwenye kioo.

Nilitoa nakala hamsini na moja.

Sikufurahi. Kwanza nilijiuliza, mbona bure? Mtu atoke Nairobi, akodi ukumbi, awanyweshe chai watu asiowajua, asiombe chochote? Sisi watu wa pwani tumeletewa karatasi nyingi za kutia sahihi na wageni wenye tabasamu, na ardhi ya upande wa mamangu iliondoka kwa njia hiyo hiyo, babu akiambiwa atie kidole tu, ni kumbukumbu. Hata hivyo fomu ya kujiandikisha niliijaza, kwa sababu nilikuwa na hadithi, na nilikuwa nimekaa nayo miaka kumi na moja bila kumwambia mtu.

Niliipata kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Shangazi ni mwosha maiti. Mwanamke akifariki katika mitaa yetu ya mji wa kale, huitwa yeye hata kabla ya kuitwa wenye kuchimba kaburi. Zamani alitaka niirithi kazi ile, akawa ananikalisha sebuleni kwake kunifunza: maji yapashwe moto kiasi gani, upande upi uanze, kafuri itiwe katika maji gani. Katika kunifunza ndipo aliponieleza habari ya jeneza lililoletwa kutoka Uarabuni, ndani yake msichana wa mtaa wetu aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani. Karatasi zote zilikuwa sawa, jina lake, umri wake, mihuri. Uso ulikuwa umebadilika kwa kukaa kwenye barafu. Lakini shangazi alipomfunua ili amwoshe, aliona kwamba mguu wa kushoto hauna kovu. Msichana yule aliungua kwa uji wa moto akiwa mdogo, na shangazi ndiye aliyekuwa akimsafisha kidonda kila asubuhi. Kovu la namna ile haliondoki. Basi maiti yule siye.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nikamfunika," akasema, akaendelea na habari za kukata sanda.

Kazi ya kuosha sikuirithi, niliogopa. Hadithi nikaondoka nayo.

Tulikuwa tisa siku ya kwanza, katika banda refu la makuti kwenye kilima kinachotazama mkono wa bahari. Mkufunzi alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, Kiswahili chake cha bara lakini cha heshima. Alikuwa na mazoea ambayo niliyaona mara moja: kabla ya mtu kusema, aliitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani, akabonyeza ianze kurekodi.

"Ni ya kumbukumbu tu," alisema.

"Kumbukumbu ya nani?" nikauliza.

Wenzangu wakacheka. Mimi sikuwa nimefanya mzaha.

Alitueleza kazi yetu. Sentensi moja, isizidi pumzi moja. Ndani yake awepo mtu, anachokitaka, kinachomzuia, na atakachokipoteza akishindwa. "Msiniambie kwamba filamu yenu inafundisha upendo," alisema. "Msiniambie inahusu maisha. Mtu ameshika kitasa, anataka kutoka. Una sentensi moja. Akiisikia aachilie kitasa, ageuke."

Tukaanza zamu. Aliyeketi kando yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka mashambani, kule juu kuelekea bara, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vikali. Sentensi yake ilikuwa ndefu kama mkeka, lakini ilikuwa na mtu ndani yake. Ilipofika zamu yangu nilisimama, nikaitazama simu pale mezani, nikasema: "Ni hadithi ya mwanamke wa Malindi anayegundua siri kubwa itakayobadilisha maisha yake."

"Siri gani?" akauliza mkufunzi.

"Ni siri."

Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Mkufunzi hakucheka. "Dada, umetuonyesha kufuli," alisema. "Nyumba hatujaiona."

Niliketi nikiwa na hasira, lakini pia nikiwa na aina fulani ya ushindi. Nilijiambia kwamba amechokozeka kwa kuwa hakupata alichokijia.

Jumamosi ya pili nilikwenda na hila. Mwosha maiti nilimgeuza mkunga, maiti nikamgeuza mtoto mchanga, jeneza nikalifanya kuwa wodi ya hospitali. Mambo mengine niliyaacha yalivyo. Nilidhani nimevaa buibui ambalo hakuna atakayenitambua ndani yake. Mkufunzi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hii si hadithi yako," alisema. "Iko nyingine nyuma yake, na hii umeisimamisha mlangoni ili tusiione. Unatuogopa?"

Niliitazama simu pale mezani.

"Kama unatuogopa, kaa nayo nyumbani. Si kosa. Lakini hapa sentensi ya uongo haitakusaidia. Hata wewe ukiisema huiamini, sauti yako inashuka."

Sijui ni nini kilichonichoma zaidi, maneno yake au ukweli kwamba sauti yangu ilikuwa imeshuka kweli. Nilisimama tena bila kuambiwa, nikasema: "Mwosha maiti mmoja wa Malindi anafungua jeneza lililotoka ng'ambo, anakuta aliyeletwa kuzikwa siye."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliyekuwa akila korosho aliacha kutafuna. Na mkufunzi, nilimwona kwa macho yangu, aliinua simu akahakikisha kwamba inarekodi, kisha akairudisha mezani.

Miaka kumi na moja nimeificha, na sasa imo ndani ya simu ya mtu.

"Sasa umefika," alisema. "Ila bado una tukio tu. Mtu huna. Huyu mwosha maiti anataka nini?"

Sikujua. Nilikuwa nimeitunza hadithi ile kama johari, nimeilinda na kila mtu, na sikujua anayesimama katikati yake alikuwa akitaka nini.

Wakati wa chai, wenzangu walipotoka, nilirudi ndani kuchukua mkoba wangu. Daftari la mwalimu lilikuwa wazi mezani. Yeye hakuwepo. Sikukusudia kusoma, lakini macho yaliona neno "jeneza", na basi yakasoma. Sentensi yangu ilikuwa imeandikwa pale mara tatu, kila mara kwa namna yake, maneno mengine yamekatwa na mengine yamepigiwa mstari. Kumbe mwizi nisimtafute mbali, nimeketi naye bega kwa bega, tena ananipisha nipite kwanza mlangoni! Sikumwambia kitu. Jumamosi iliyofuata nilihamia meza ya mwisho, karibu na dirisha. Alinitazama mara moja, akarudisha macho kwenye daftari lake.

Lakini kabla ya Jumamosi hiyo, wiki nzima dukani, kila mteja alipoondoka, nilifungua ukurasa mtupu nikajaribu. "Mwosha maiti anayetaka kusema ukweli." Anautaka kwa nini? "Mwosha maiti anayeogopa kusema ukweli." Anamwogopa nani? "Mwosha maiti anayetaka kumlinda mama wa marehemu." Hapo nilikaribia kitu, lakini nilikuwa nabahatisha. Siku ya Jumatano nilifunga duka mapema nikaenda kwa shangazi.

Nilimkuta uani akipepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo si Ijumaa. Waja kufanya nini?"

"Nimekuja kukujulia hali."

"Hali yangu waijua. Sema."

Nilizunguka. Niliuliza habari za magoti yake, habari za jirani, habari za bomba la maji. Kisha nikasema, kama mtu aliyekumbuka tu njiani: "Shangazi, siku ile ya jeneza. Ulipoona kwamba siye. Wewe ulitaka nini?"

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Nani auliza?"

"Mimi nauliza."

"Wewe huulizi hivyo. Nakujua tangu wanyonya. Hilo ni swali la mtu mwingine, limekaa mdomoni mwako kama meno ya kubandika. Nani?"

Nikamweleza yote, Mnarani, filamu, sentensi moja. Simu ya mkufunzi sikuitaja. Alinisikiliza bila kuniangalia, vidole vyake vikitoa chuya moja baada ya nyingine.

"Ile nilikupa nikikufunza kazi," alisema. "Nawe ukaichukua kama mtu aibaye kijiko msibani. Miaka yote hii umekuwa nacho mfukoni?"

"Sikumtaja mtu jina, shangazi."

"Mwosha naye huoshwa. Siku nikilazwa mimi pale kitandani, nani atanisitiri, ikiwa weye wa damu yangu wayasikiayo wayapeleka Kilifi?"

Muda wote ule nilikuwa nimemtafuta mwizi wa hadithi, nikimtafuta kwenye simu, kwenye daftari, kwenye chai ya bure. Haikunipitikia hata siku moja kwamba shangazi yangu angeweza kunitazama mimi kwa jicho lile lile.

Niliinuka niondoke. Akasema, bila kuinua kichwa: "Na hata huijui. Wajua nusu."

Nikaketi tena.

"Nilimfunika, kweli. Kisha nikamwita mamake ndani."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayetembea chumbani ambako kuna aliyelala. Mama aliingia, shangazi akamwonyesha mguu. Mama alipitisha kiganja kutoka gotini mpaka kwenye kifundo, akarudia tena, polepole, akitafuta kwa mkono kile ambacho macho yamekikosa. Hakulia.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Sijui," shangazi akamjibu.

"Tukitoka tukisema, atapelekwa wapi?"

"Watamrudisha kwenye barafu. Ofisi, polisi, karatasi. Huenda mwaka, huenda zaidi."

Mama akafikiri. Nje baraza lilikuwa limejaa watu, na wanaume walikuwa wameshatuma salamu mara mbili kwamba kaburi liko tayari.

"Ameshakaa kwenye barafu miezi mitatu," mama akasema. "Naye ana mamake mahali. Tumwoshe."

"Nikamwambia," shangazi aliendelea, "hatujui hata kama ni wa dini yetu. Akasema, Mungu atamjua. Basi tukamwosha pamoja, mimi na yeye. Nilipotaka kumfunga sanda, akaomba amchane nywele kwanza. Kisha akatoka mbele za watu akalia, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Wewe waniuliza mimi nilitaka nini? Mimi nilitaka kumaliza kazi yangu. Mwenye kutaka ni yule mama."

Hapo ndipo nilipoelewa ni mama gani. Sikuwa nimepata kumuuliza shangazi jina la msichana, na mtaani mwetu si yeye peke yake aliyerudi katika jeneza. Lakini mama huyu nilimfahamu vizuri, alikuwa mteja wangu. Kila baada ya miezi michache alikuja dukani na karatasi iliyokunjwa mara nne, nimchapie barua kwenda ofisi hii au ile, akiomba bintiye atafutwe. Na mji mzima ulijua kwamba bintiye alizikwa. Nilimchapia kwa huruma ya pembeni, nikiamini kwamba huzuni imemvuruga akili. Barua moja niliipunguza bila kumwambia. Aliandika, "Mwanangu yu hai mpaka nionyeshwe mguu wake," nami, bila kuuhusisha mguu ule na wa hadithi yangu, nikaiondoa sentensi ile, nikaona inamwaibisha. Nilimwondolea sentensi ya maana kuliko zote, nikamrudishia barua safi, naye akanishukuru.

"Yule mama yuko hai," shangazi alisema. "Si yangu kukupa. Kamuombe mwenyewe."

Sikwenda mara moja. Jumamosi ya tatu mkufunzi aliniuliza sentensi yangu imefika wapi, nikamwambia bado. Alisogeza simu karibu nami, nikarudia: bado. Lakini haikuwa kweli. Nilikuwa nayo tayari kwenye kipande cha karatasi ndani ya mkoba. Baada ya kusikia nusu ya pili, maneno yalikuwa yamejipanga yenyewe, kwani sasa alikuwepo mtu, na alikuwa anataka kitu.

Siku ya Jumatatu nilibisha mlango wa mama yule. Anakaa, alikuwa anakaa, chumba kimoja nyuma ya msikiti mdogo. Alifungua, akanitazama, akabaki amesimama kizingitini. Sikukaribishwa ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua yangu imejibiwa?"

"La, mama. Nimekuja kwa jambo jingine. Shangazi amenieleza habari ya mguu."

Uso wake ulikunjika. Alitazama kulia na kushoto kwenye kichochoro. "Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama."

"Wale waliompeleka mwanangu, ndio waliokutuma? Barua zangu huwa wazionyesha nani?"

"Wallahi sijamwonyesha mtu."

"Basi wataka nini?"

Nikaona kwamba maelezo yangu yatamzidishia shaka. Nikamwomba anisikilize sentensi moja tu, kisha anifukuze akitaka. Niliitoa karatasi nikasoma:

"Mama mmoja anapogundua kwamba maiti aliyeletewa siye bintiye, anaamua kumzika mgeni huyo kama mwanawe na kunyamaza, huku akiendelea kumtafuta kwa siri yule ambaye mji mzima umeshamsomea hitima."

Alishika mwimo wa mlango.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Si mgeni," alisema. "Mgeni huaga akaenda kwao. Sema mtoto wa mwenzake."

Nilitoa kalamu nikakata neno, nikaandika alivyosema. Nilijua, kama fundi anavyojua mbao imekaa, kwamba sentensi imekamilika.

"Utaipeleka wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu filamu, kwamba ikibahatika watu wengi watajua, huenda hata mtu huko mbali akajua, akasema kitu kuhusu bintiye. Nilikuwa namshawishi, na nilijisikia nikimshawishi.

Alitikisa kichwa. "Kila Ijumaa wapo wapitao kaburini kwa yule mtoto wakamsomea. Wamsomea kwa jina la mwanangu, lakini apokeaye ni yeye. Wakijua si mwanangu, wataacha. Nani atamsomea?"

"Wewe, mama."

"Mimi peke yangu." Alinitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. "Ngoja. Mwanangu akirudi, utamuuliza yeye. Nikifa kabla hajarudi, yatakuwa yako. Nami nikiwa hai, hapana."

Jumamosi ya mwisho nilifika mapema kuliko wote. Mkufunzi alikuwa akipanga viti. Nilimwambia kwamba hadithi yangu naitoa, na naomba afute sauti yangu kwenye simu yake.

Alisimama na kiti mkononi. "Nani amekununua?"

"Nani aninunue?"

"Wiki iliyopita unaniambia bado, bado. Leo watayarishaji wako njiani, hadithi imetoweka. Mimi nimeona watu. Kuna mtu amekupigia simu, si ndiyo? Umempa yeye."

Kama hali isingekuwa ile ningecheka. Kumbe wakati wote nikimtilia shaka, naye alikuwa na lake. Nilimwambia hakuna aliyenipigia, ila mwenye hadithi hajaniruhusu. Hakuniamini, niliona hivyo. Lakini alitoa simu, akatafuta, akabonyeza, akanionyesha.

"Imefutwa."

"Na kwenye kompyuta yako?"

"Pia nimefuta. Juzi, nilipokuwa napunguza mafaili."

Hilo la kompyuta sikulishuhudia.

Mwalimu aliwasili baadaye kidogo, akanijia moja kwa moja kwenye dirisha langu, akatoa karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari.

"Samahani, dada. Nilitaka kukupa mapema, lakini ulihama," alisema. "Naona wewe hupendi kuzungumza mbele ya watu. Basi nilikuwa najaribu kukusaidia. Ziko saba."

Zilikuwa sentensi saba, zote zangu, kila moja imenyooshwa kuliko iliyotangulia. Ya sita ilikaribia sana ile niliyoisoma mlangoni kwa yule mama, naye mwalimu hakuwa amesikia lolote kuhusu mama. Alikuwa ameifikia kwa kukaa na kufikiri tu, jioni zake, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

"Mwalimu, nikikuomba uzichane hizi, na usimsimulie mtu, utaniuliza sababu?"

"La."

Akazichana vipande vidogo, akavitia ndani ya gilasi ya chai ambayo hakuwa ameinywa, akavikoroga kwa kijiko mpaka wino ukatoka.

Watayarishaji walikuwa mwanamume na mwanamke. Wenzangu walisema zao mmoja mmoja. Mwalimu alipoinuka, sentensi yake iliyokuwa ndefu kama mkeka ilikuwa sasa imekatwa ikabaki hivi: "Ili shule yake ya mashambani isifungwe, mwalimu anaendelea kuita majina ya watoto waliokwisha kuhama, mpaka siku mkaguzi anapotaka kuwaona." Mwanamke aliacha kuandika akamtazama. Nilijua palepale kwamba ndiye atakayechaguliwa.

Zamu yangu nilisimama nikasema: "Ninayo sentensi, lakini mwenyewe hajaniruhusu kuisema."

Mwanamume akatazama saa yake. Mwanamke akauliza, "Mwenyewe ni nani?" Nikaomba radhi, nikaketi. Mkufunzi alikuwa akitazama makuti ya dari.

Huu ni mwaka wa tatu. Filamu ya mwalimu bado wanaiandika, naye hunipigia simu mara kwa mara kuniuliza neno. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa kila nikiona tangazo la filamu mpya ya pwani nasoma maelezo yake kwanza, nikitafuta jeneza. Siku moja nililiona, kumbe ilikuwa ni vichekesho kuhusu wajomba wanaogombea urithi.

Mama yule aliendelea kuja dukani. Sikupunguza tena neno lake hata moja. Barua yake ya mwisho ilijibiwa, karatasi yenye muhuri, ikisema kwamba faili limefungwa kwa kuwa mhusika ameshazikwa. Nilimsomea. Akaikunja mara nne, akasema, "Tuandike nyingine."

Tuliandika nyingine mbili. Bintiye hakurudi, wala hakupiga simu, wala hajulikani alipo mpaka leo. Sukari ikampanda mama, akaugua wiki tatu, akafariki.

Shangazi alinipigia. "Njoo unishikie maji."

Miaka yote nilikuwa nikikataa. Safari hii nilikwenda. Nilimimina aliponiambia mimina, nikasimama aliponiambia simama. Mwili wa yule mama ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Na hapo hapo, kata ikiwa mkononi mwangu, kitu ndani yangu kilisema wazi kabisa: sasa ni yako. Sikukiita, kilikuja chenyewe. Maji yalimwagika, shangazi akanitazama, akanipokonya kata.

Baada ya arubaini ndipo aliponiuliza. Tulikuwa uani kwake.

"Nawe, ulikuwa wangojea?"

Nilitaka kusema hapana. "Sijui, shangazi."

"Afadhali umesema hujui."

Kisha akasema kama nataka kuandika, niandike, ila kaburi lilipo nisiseme. Sijasema, wala sitasema. Katika kuandika haya, kovu nalo nimelihamisha, na kilichomuunguza si uji. Kaburini kwa yule mtoto tunakwenda wawili, mimi na shangazi, siku za Ijumaa, na watu wa mtaa bado wanapita wakasoma, kwa jina lile lile.

Mwezi uliopita niliituma sentensi kwa yule mwanamke mtayarishaji, ikiwa na "mtoto wa mwenzake" mahali pake. Hakuchelewa kujibu. Aliandika mstari mmoja: "Je, hiki ni kisa cha kweli?"

Nilikaa na swali lile siku tatu. Nililigeuza kila upande. Akijua ni cha kweli, atataka majina? Akidhani ni cha kubuni, ataona hakina mwenyewe? Siku ya nne nikampelekea shangazi simu, nikamsomea.

"Muulize kwanza yeye," alisema, "ataka kujua kwa nini."

Nimemuuliza. Bado hajanijibu.